Nusu Pishi

Daktari wa Chake Chake alisema: sonona.
Mama akadhani ni jina la kijiji,
akauliza, ni huko upande wa Micheweni?
Hatukucheka. Wewe ulikuwa umelalia ubavu,
umeupa ukuta uso, siku ya arubaini na moja.

Kila aliyekuja alikuja na sababu yake mkononi
kama mtu aletaye sukari msibani.
Bi Kazija: husda, nyumba inaonekana toka barabarani.
Ami Faki: kaiacha sala.
Hakujua kwamba alfajiri nilikuwa nakusikia,
Allahu akbar moja, kisha kimya,
kama aliyesahau njia ya kurukuu.
Mashemeji wakamtaja yule mke aliyebaki Unguja.
Benki wakasema, kwa simu, likizo imekwisha.
Ukanywa kombe la zafarani, ukameza na vidonge.
Sikukataza hiki wala kile,
anayezama hachagui kamba.

Msimu ulikuwa mkubwa, Mtambwe nzima inanukia.
Usiku tunakaa barazani, taa ya betri katikati,
konyo huku, karafuu huku,
vidole vyeusi mpaka ndani ya kucha,
nami kichwani nachambua mengine.

Baba alipokufa, wewe darasa la sita,
wakakushika bega: sasa mwanamme ni wewe.
Mwanamme mwenye viatu vya kuazima.
Ulipokuwa wa kwanza Wete nzima
tulichinja mbuzi;
hakuna aliyeuliza unalala saa ngapi.
Mshahara wa kwanza, bati za mama.
Wa pili, ada ya Mcha.
Wa tatu sikumbuki, na wa thelathini
hatukusema hata ahsante, ulikuwa kama mvua ya vuli,
inanyesha kwa sababu inanyesha.
Halafu usiku ule ulipopiga simu, ukasema, dada nimechoka,
nikakujibu, mimi huyu:
uchovu wa mwenye kazi ni neema.

Hiyo nimeitoa, nimeiweka peke yake.
Sijui ni konyo au ni karafuu.

Na sisi watoto wa mashamba tunajua tangu utotoni,
ila hatukulifikiri:
karafuu ni ua lililochumwa kabla halijafunguka.
Likiwahi kuchanua, mpimaji analitoa kwa kidole,
analitupa chini ya meza.
Ndivyo tulivyokuchuma, una wekundu kidogo tu,
tukakuanika juani, tukakupeleka mizanini,
daraja la kwanza,
tukasema: amefaulu.
Neno la karatasi ya mtihani
tukalivisha mtu mzima, tukashangaa
kwamba linambana kwapani.

Jana usiku ulitoka.
Shati limekupwaya, hukumsalimu mtu.
Ukakaa pembeni mwa jamvi,
ukashika shada moja, ukalisukuma kwa kiganja,
konyo huku,
karafuu huku.
Ulichambua nusu pishi. Mwanangu Nzija, ana miaka tisa,
alikuwa kwenye pishi ya tatu. Akakutazama mkono:
Mjomba, wewe mzito.
Ukasema, Ee.
Neno la kwanza tangu mwezi uandame.
Mama akainama haraka kutafuta kitu sakafuni
ambacho hakikuwapo.

Leo hujaamka. Saa tatu hii.
Mama kasimama mlangoni kwako na bakuli la uji,
ananitazama mimi
kama mtu asomaye mshale wa mizani.
Sikumwambia umepona. Sikumwambia kesho.
Nimemwambia, nusu pishi, mama,
na wala sikujua kama nilikuwa nahesabu au naomba dua.

Mkarafuu wa uani una tawi tulilolikosa,
liko juu mno, limechanua lote,
limekuwa jeupejeupe, nyuki wamelijaa.
Hakuna atakayelipima.

Uji unapoa.
Tumeuacha upoe.